Shemeji ndiye dalali wetu, na mimi nataka kuuza mwenyewe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa Lushoto, kijiji kimoja huku juu kuelekea Lukozi. Tuna shamba la ekari moja na nusu, urithi wa mume wangu, pamoja na kipande cha bondeni tunachomwagilia kiangazi. Tunalima kabichi, viazi, karoti, liki na njegere kidogo. Ipo pia miti ya plamsi na mapichi aliyoipanda marehemu baba mkwe, ng'ombe mmoja wa maziwa, na kuku wa kienyeji.

Tangu niolewe, mazao yetu yote anayachukua shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye ni dalali, ana wenzake wenye fuso zinazoshusha Dar. Anakuja shambani, anatazama, anataja bei, mume wangu anaitikia. Viazi anabeba kwa lumbesa, gunia lenye kilemba kikubwa kuliko gunia lenyewe, na ukiuliza anasema ndivyo soko linavyotaka. Ila nisimsingizie Shangazi, msimu wa kupanda ukifika hatuna kitu, yeye ndiye anatukopesha mbegu na mbolea, halafu anajikata kwenye mavuno.

Mwaka jana nilikaa kwa wifi yangu Tabata, Dar, wakati amejifungua. Nikaona bei ya karoti kwenye genge la mtaani kwake, nikakosa usingizi. Niliporudi nikaanza kuuza mwenyewe. Kila baada ya wiki mbili natuma kwa basi maboksi kumi ya wateja, marafiki wa wifi na majirani zake, na la kumi na moja la wifi mwenyewe kwa ajili ya usumbufu. Boksi lina viazi, karoti, kabichi, liki, njegere, na plamsi zikiwepo. Nauza 25,000. Vitu hivyo hivyo shemeji angenipa kama 9,000, kwa hiyo kila boksi napata 16,000 juu. Nalipa basi 4,000 kwa boksi, boksi tupu 1,000, bodaboda mpaka stendi 10,000 kwa mzigo wote, binti wa jirani anayenisaidia kuchuma na kupanga 10,000, na vocha pamoja na makato ya kutoa pesa huenda 5,000.

Matatizo ni haya. Kila mzigo hawakosi wawili ambao hawalipi. Mmoja anasema "nikipokea mshahara", mwingine hapokei simu kabisa. Mara moja liki na spinachi zilifika za njano, zinanuka, wateja wakanipigia picha. Wifi naye siku hizi analalamika kwamba boksi moja halimtoshi.

Sasa shemeji amesikia. Amemwambia mume wangu, "Mwambie mkeo achague, auze vyote mwenyewe au aniachie vyote." Mume wangu hajajibu kitu, wala kwangu wala kwa kaka yake. Mama mkwe naye amenuna kwa sababu nimeanza kuwauzia majirani mboga za majani ambazo zamani walikuja kuchuma tu. Anasema ninaitia nyumba aibu.

Mimi moyoni nataka niachane na shemeji moja kwa moja, kabichi na viazi vyote vipakiwe kwenye basi kwenda Dar, na niongeze mtindi na jamu ya plamsi. Lakini kuna mtu amenitisha, eti nitakamatwa na watu wa ushuru, na jamu bila alama ya TBS, Shirika la Viwango, ni kesi. Nifanyeje?

Mke wa Mkulima, Lushoto

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, maana umeniletea hesabu, na wanaoniandikia wengi huleta machozi bila hesabu. Basi tuanze na hesabu hiyo, tena tuanze na zile 16,000 zinazokufurahisha, kwa sababu hazipo.

Mzigo mmoja unakuingizia 250,000, kama wote kumi wamelipa. Basi la maboksi kumi na moja ni 44,000. Maboksi matupu 11,000. Bodaboda 10,000, binti 10,000, vocha na makato 5,000. Jumla 80,000. Zinabaki 170,000. Vile vitu vyenyewe, kwa bei ya shemeji, boksi kumi na moja ni 99,000, na hizo ungezipata ukiwa umekaa kibarazani. Faida yako halisi ya kuuza mwenyewe ni 71,000. Sasa ondoa wale wawili wasiolipa, 50,000. Umebaki na 21,000. Hiyo ndiyo tofauti kati yako na shemeji kwa kila wiki mbili, na ndani yake hujahesabu siku zako za kuchuma, kuosha, kupanga, kupiga simu na kubembeleza watu wakulipe. Binti wa jirani analipwa, wewe hulipwi.

Sikuambii haya ili uache. Nataka uone kwamba kati ya shamba lako na meza ya mama wa Tabata kuna kazi, na ilikuwepo hata kabla hujaijua. Shemeji alikuwa anaifanya na kujilipa, pengine kwa kuzidisha. Sasa unaifanya wewe. Unayo haki ya kuifanya, lakini lazima nayo ilipwe, na kwa sasa wanaokula mshahara wako ni wale wadaiwa wawili. Ukiwaziba hao tu, bila kuongeza hata karoti moja, unatoka 21,000 unafika 71,000. Hakuna kabichi utakayopanda ikakuletea ongezeko la namna hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza: anayetaka boksi alipe kabla halijachumwa. Tafuta laini ya pili iwe ya biashara peke yake, na uchukue lipa namba kwa wakala wa mtandao unaotumia, ili pesa za mboga zisichanganyike na pesa za ada ya shule na za unga. Kama mzigo unaondoka Alhamisi, tuma orodha Jumapili jioni: kilichopo, uzito wake, bei yake. Mwisho wa kulipa uwe Jumanne saa kumi jioni. Jumatano unachuma kwa ajili ya waliolipa tu. Asiyelipa usimgombeze wala usimwandikie maneno marefu, yeye tu hachumiwi. Utapoteza wateja wawili watatu, na wawili kati yao ninawajua tayari.

Watu watakuuliza, "Na zikifika zimeoza?" Swali hilo ni la haki, na ukichukua pesa za watu mapema lazima uwe na jibu. Mwambie mteja apige picha siku ile ile anayopokea. Kilichoharibika unakirudisha kwenye boksi linalofuata, au unarudisha pesa yake. Ukifanya hivyo mara moja tu, kwa uaminifu, mama huyo atakutangazia mtaa mzima kuliko tangazo lolote.

Wale wanaodaiwa za nyuma wakumbushe mara moja kwa upole, kisha wafute kwenye orodha.

Kuhusu wifi yako nitakuudhi kidogo. Unamwona kama mtu anayekula boksi la bure. Mimi ninamwona mama mwenye mtoto mchanga anayetoka Tabata kwenda Kituo cha Magufuli kule Mbezi, anasubiri basi lililochelewa Chalinze, anabeba maboksi kumi na moja, anayaweka sebuleni, halafu jioni anagongewa mlango na watu kumi, mmojawao akidai kabichi yake ni ndogo. Na pesa ya kutoka Mbezi mpaka Tabata anaitoa nani? Kwenye hesabu yako haimo. Boksi analopewa lina thamani ya 9,000 kwa bei ya shambani. Hata mimi ningelalamika. Mlipe 2,000 kwa kila boksi la mteja, juu ya boksi lake, na usafiri wa mzigo uwe juu yako. Ukiona hizo ni nyingi, panga na wateja wanaoishi karibu na kituo wafuate wenyewe, au pandisha boksi kidogo. Usilinganishe bei yako na ya Kariakoo, mteja wako hendi Kariakoo. Linganisha na genge la mtaani kwake, lile lile lililokunyima usingizi.

Sasa zile liki za njano. Hapa nitakaa, maana wengi hupotelea hapa na kulaumu basi.

Lushoto ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenu mko juu zaidi, kuna baridi. Ukifunga boksi kwenu mboga ziko kama ziko kwenye friji. Basi likishuka Mombo tu, joto linabadilika, na kutoka hapo mpaka Dar ni jua tupu, zaidi ya kilometa 300 zote kwa pamoja. Mboga iliyofungwa ikiwa na maji hupikika. Karoti zioshwe, ndiyo, mteja wa mjini anapenda karoti safi, lakini zianikwe kivulini mpaka ngozi ikauke kabisa, na majani yake yakatwe, kwa sababu majani yanaendelea kunyonya maji kwenye karoti hata baada ya kung'olewa. Liki zipunguzwe majani ya juu na zisioshwe. Chuma asubuhi umande ukishakauka au jioni jua likishapoa, kamwe si saa saba mchana. Boksi litobolewe matundu pembeni, ya ukubwa wa kidole gumba, mawili matatu kila upande.

Upangaji: viazi na kabichi chini, karoti juu yake, liki zilale pembeni, njegere kwenye mfuko wa karatasi. Viazi vifunikwe na gazeti, mwanga huvigeuza kijani, na kiazi cha kijani kina sumu. Plamsi ndizo nazishuku kwenye ule mzigo wako. Tunda linapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini. Huioni wala huinusi, lakini huzeesha majani haraka na kuzitia karoti uchungu. Ukifungia plamsi zilizoiva pamoja na spinachi kwenye boksi moja lisilo na matundu, umeitengenezea ile njano mwenyewe. Matunda yawe kwenye boksi lake, yauzwe kwa bei yake, na yachumwe yakiwa bado magumu kidogo. Spinachi mimi ningeiacha kabisa. Tabata kuna mchicha na matembele ya bondeni yanachumwa asubuhi na kuuzwa mchana, huwezi kushindana nayo kwa kutokea Usambara. Shindana kwa vile ambavyo Dar haiwezi kulima: liki, njegere, karoti tamu za baridi, plamsi, mapichi. Na umwombe konda asiweke maboksi yako buti la nyuma karibu na injini. Mpe salamu yake akupangie buti la pembeni.

Unaponiambia kabichi na viazi vyote vipakiwe kwenye basi, nakukatalia. Kabichi za robo ekari zikikomaa zinakomaa pamoja, na haziwasubiri wanawake kumi wa Tabata. Hata ukiwapata wateja hamsini, kila mmoja atataka kabichi moja au mbili. Mzigo mkubwa wa kitu kimoja ni kazi ya fuso, na fuso ni ya dalali. Kwako vinafaa vile vya kuchanganya, kidogo kidogo, vyenye ladha ambayo mtu akiionja ataitafuta tena. Nitarudi kwa shemeji hapo mbele.

Mtindi usiupandishe basi. Hauna friji njiani, ukimwagika unaharibu mizigo ya watu, na maziwa ni kitu ambacho Bodi ya Maziwa ina sheria zake tangu mwaka 2004, za usafi, vyombo na usajili wa wauzaji. Ng'ombe mmoja hatoi maziwa ya kukufanya ukimbizane na hayo kwa ajili ya Dar. Chemsha, gandisha, uza hapo hapo. Kuna walimu, kuna zahanati, kuna hoteli ndogo na nyumba za wageni zinazopokea watalii wanaokuja kutembea msitu wa Magamba. Hawa wageni wanakula asubuhi, na wenye hoteli wengi wananunua mayai na maziwa kutoka mbali wakati wewe uko hapo na kuku wako. Nenda umebeba trei moja ya mayai ya kienyeji na lita moja ya mtindi, waonje. Ulizia pia wanalipa lini. Mwenye hoteli anayelipa mwisho wa mwezi ni yule yule wa "nikipokea mshahara", isipokuwa amevaa viatu vizuri.

Tena si lazima kila kitu kimfuate mteja. Pale Irente, shamba la Kanisa la Kilutheri, kwa miaka mingi wanauza jibini, jamu na mkate wao pale pale shambani, na watu hupanda mlima kwa miguu kuvifuata. Wewe huna mandhari ya Irente, lakini una barabara inayopita watu wa Lukozi siku ya soko. Meza moja, mzani mmoja, na kibao cha bei kilichoandikwa kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye pikipiki. Mzani wako uupeleke kwa Wakala wa Vipimo ukahakikiwe na kubandikwa stika, kwani kuuza kwa mzani usiohakikiwa ni kosa hata kama hujamwibia mtu.

Jamu ya plamsi ni wazo zuri kuliko yote uliyoandika. Plamsi zinajaa karibu na Krismasi, zote kwa mpigo, nusu zinaozea chini ya mti, na tunda lenyewe lina uchachu na pektini, ile inayogandisha jamu, vya kutosha kuganda kwa sukari tu bila kuongezewa kigandishi. Utakachojifunza ni kujua imeiva lini. Maelekezo ya vitabuni yanasema nyuzi 104 au 105, lakini hizo ni za watu wa usawa wa bahari. Kwenu mlimani maji yenyewe huchemka kabla ya nyuzi 100, na ukisubiri jamu ifike 105 utapata peremende. Weka kisosi nje kipate baridi, dondoshea tone la jamu, subiri kidogo, lisukume kwa kidole. Likijikunja ngozi juu, epua. Likitiririka, rudisha jikoni. Chupa na vifuniko vichemshwe, na jamu imiminwe ikiwa bado ya moto sana.

Yule aliyekutisha habari ya TBS hakudanganya sana. Tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yalitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yakahamia TBS, na chakula kilichosindikwa na kufungashwa kwa ajili ya kuuzwa kinatakiwa kusajiliwa, pamoja na mahali kinapotengenezwa. Lakini alichokuficha, au hakijui, ni kwamba mjasiriamali mdogo ana njia yake. Anza SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya mkoa iko Tanga mjini. Wanafundisha usindikaji na ufungashaji, na wanakupa barua ya utambulisho. Ukiwa na barua hiyo, TBS humhudumia mjasiriamali mdogo bila ada ya alama ya ubora kwa miaka mitatu ya mwanzo. Watataka chumba cha kusindikia ambacho si jiko la nyumbani lenye kuku chini ya meza, kwa hiyo msimu huu pika ya kula wenyewe na kujifunza, kozi ufanye kabla ya msimu unaofuata, na kama mna wanawake wenzako watatu wanne wenye plamsi zinazooza, chumba kimoja kinawatosha wote.

Ushuru usikunyime usingizi. Tangu mwaka 2017 anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru wa mazao. Maboksi yako kumi na moja hayafiki hata robo ya tani. Kodi ya mapato ni habari nyingine. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayavuki 4,000,000 kwa mwaka hatozwi, lakini wewe kwa 250,000 kila wiki mbili unaelekea 6,500,000. Nenda TRA mwenyewe kabla hawajakuuliza, TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure, na nenda na daftari. Mwenye kumbukumbu hukadiriwa kwa mauzo yake, asiye nazo hupigwa kiwango. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo TRA wala haikuwepo akilini mwao.

Mama mkwe wako ana hoja, mwanangu. Kwa Wasambaa, kama kwa watu wengi wa milimani, jirani kuchuma majani ya mboga ya leo kwenye shamba lako si wizi wala omba omba, na kesho wewe utamwomba moto, jembe, au watu wa kubeba jeneza. Ukiweka bei kwenye mnavu umevunja kitu ambacho shilingi zako haziwezi kukijenga. Tenga tuta moja au mawili ya mboga za kienyeji karibu na njia, mwambie mama mkwe kwamba hayo ni yake, yeye ndiye anayegawa. Vya kuuza ni vile vya kwenda sokoni. Utashangaa atakavyokuwa mlinzi mkali wa karoti zako.

Twende kwa shemeji.

Kuna sentensi moja umeipita haraka: anawakopesha mbegu na mbolea. Mwanangu, hiyo ndiyo kamba. Bei ya 9,000 si bei ya boksi, ni bei ya mtu aliyekopeshwa, asiyeweza kusema hapana. Ukimwacha leo kwa hasira, Machi mtapanda kwa mkopo wa nani? Kwa hiyo kabla ya kuzungumza naye chochote, jitoeni kwenye mkopo. Tangu mwaka 2022 kuna mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliojiandikisha. Mume wako aende kwa mtendaji wa kijiji au afisa ugani ahakikishe majina yenu yamo na namba anayo. Halafu kila mzigo wa Tabata ukilipwa, weka 30,000 pembeni kwenye ile laini ya biashara, ziwe za mbegu na mbolea peke yake. Wateja wakilipa kabla, hizo zinatoka kwenye kile kinachobaki kwenye 71,000 ukishamlipa wifi. Mwisho wa msimu mnanunua vya kwenu.

Lumbesa ni jambo la pili, na hapa sheria iko upande wenu. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lile lenye kilemba, ukilipima ukakuta kilo 130, kilo 30 mmezigawa. Usiende kumshitaki ndugu wa mume wako, sikutumi huko. Lakini gunia linalotoka kwenu lijazwe mpaka mdomoni, lishonwe, lisiongezewe, na ikiwezekana lipimwe. Yeye mwenyewe anajua kwamba akikutwa nalo barabarani atakayetozwa faini si wewe.

Anayetakiwa kuzungumza ni mume wako, si wewe. Shemeji hawezi kukubali kupangiwa na mke wa mdogo wake mbele ya watu, na ukijaribu utaonekana umekuja kuvunja ukoo hata ukiwa na haki yote. Mume wako amenyamaza kwa sababu umempa mambo mawili tu ya kuchagua, mke au kaka, na shemeji naye amempa hayo hayo. Mpe la tatu. Kaa naye usiku watoto wakilala, mwonyeshe hii hesabu ya 71,000 na 21,000 kwa maandishi, maana mwanaume wa shamba akiona namba yake mwenyewe anapata ulimi. Halafu aende kwa kaka yake, asubuhi, kwao, wawili peke yao, na aseme hivi: "Kaka, kabichi na viazi ni vyako kama siku zote, isipokuwa vichache vya kwenye maboksi, hakuna dalali mwingine atakayeingia shambani. Magunia yatakuwa ya kilo mia. Karoti, liki, njegere na matunda mama watoto anavipeleka mwenyewe, ni vichache, kwenye fuso yako hata havionekani. Mbolea ya msimu huu tuliyokopa tutailipa yote kwenye viazi, na msimu ujao tutajinunulia."

Nadhani atakubali. Dalali anaishi kwa mzigo mzito, na mzigo mzito unabaki kwake. Kinachomuuma zaidi, nakisia, ni kwamba alisikia habari za maboksi yako kutoka kwa watu wa stendi badala ya kuambiwa na mdogo wake.

Akikataa, mlipeni mbolea yake mpaka shilingi ya mwisho, mbele ya mama mkwe, na viazi vya msimu unaofuata mvipeleke soko la Lukozi wenyewe. Kule wanunuzi ni wengi na kila mmoja anataja bei yake. Lakini usifike huko kabla mume wako hajajaribu yale maneno.

Shangazi